Kumwamuru Mzee Balagizi

Jumatano, 7 Julai 2021. Smithfield.

Chifu Doyle, baharia mkongwe anayetufundisha jeshini, ametuagiza kila mmoja aandike kumbukumbu hadi lockdown iishe: hali ya hewa kwanza, halafu lililotokea, halafu ulichokosea. Hakusema tuandike kwa lugha gani. Nimechagua Kiswahili, maana mdogo wangu Gift anakisikia vizuri lakini kukisoma ni shughuli, atachoka kabla hajafika kwenye umbea.

Hali ya hewa basi. Baridi, nyuzi nne asubuhi, kioo cha gari la Baba kimeganda. Lililotokea: nimefeli.

Niko mwaka wa pili wa uhandisi. Jeshi la Wanamaji linanisomesha, na nikimaliza chuo nitakuwa ofisa wao. Kila Jumatano jioni tulikuwa tunakwenda kambini kwa mafunzo, sasa tunafundishwa kwenye kompyuta, mimi nimekaa juu ya kitanda na shati la heshima, chini nimevaa suruali ya kulalia. Leo ulikuwa mtihani wa kutoa amri. Unapewa tukio: moto jikoni mwa meli. Chifu anaigiza baharia wako. Umwambie la kufanya. Mimi nikamwambia, kwa Kiingereza changu chote, "Chifu, samahani, kama hutajali, naomba tafadhali ufunge ule mlango."

Nadhani moto ulikwisha kufika chumba cha injini kabla sijamaliza sentensi.

"Elieshi," akasema Chifu, "unajua siku ukihitimu wewe ndiye utakuwa juu yangu?"

Najua, na hapo ndipo penye shida. Chifu ana miaka hamsini na minne, thelathini kati ya hiyo kaimalizia baharini. Mtu kama huyo nimelelewa nimpokee mzigo, si nimtume. Mtihani wa marudio ni tarehe 13 Oktoba. Nikifeli tena naondolewa kwenye mpango.

Nilichokosea: sijui bado. Nataka sana kujua.

Jumamosi, 10 Julai.

Jua kali, baridi kali. Sare yangu nyeupe imeletwa na posta. Ndani yake wanaingia Elieshi wawili na mtoto.

Mama akasema nimpelekee Babu Balagizi, jirani yetu. Ni Mkongo wa Bukavu, mjane, fundi cherehani aliyekaa miaka kumi na miwili kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Huko ndiko alikojifunza kuitikia shikamoo, na anaipenda kama chai. Kwa kuwa haturuhusiwi kuingia nyumba za watu, alinirushia futi juu ya uzio nikajipima mwenyewe, huku yeye akinikemea kutoka kwenye kiti chake.

"Commandant! Kiuno iko juu! Pale unashika ni tumbo!"

"Hapa, Babu?"

"Voilà. Sema namba."

Nikamsemea. Akaigeuza sare mkononi, akainusa, akasema, "Hii haiko nguo ya militaire. Hii iko ya garçon wa hoteli, ule wa kuleta sahani. Ni muzuri. Nitakushonea."

Jumatano, 14 Julai.

Mvua. Tumesoma sheria za kupishana baharini: ukiona chombo kinakuja upande wako wa kulia, wewe ndiye wa kukipisha. Nimeijaribu na toroli dukani Fairfield. Bibi mmoja wa Kivietinamu haijui sheria hii.

Jumapili, 18 Julai.

Mtaa wetu wote na mitaa jirani imefungwa. Hatoki mtu isipokuwa wenye kazi maalumu. Baba anaendesha lori la makontena kutoka Port Botany, kwa hiyo anatoka, ila kila siku ya tatu anachokolewa pua kupimwa. Anasema sasa pua yake ina safari nyingi kuliko yeye.

Jumatano, 28 Julai.

Upepo wa magharibi, umeng'oa kamba ya nguo.

Nimeanza uchunguzi. Kumwamuru Gift hakuna shida, nimemzidi miaka saba na sauti inatoka yenyewe. Kumwamuru mwanafunzi mwenzangu, naweza. Kwa hiyo siyo aibu, wala Kiingereza hakijanipiga chenga. Kinachonifunga ni umri. Mdomo wangu unapima umri wa mtu kabla haujafunguka.

Nikamwomba Baba nijaribie kwake. Akasimama sebuleni, mikono ubavuni, mzee Zephania mwenyewe na soksi zake.

"Baba, geuka kulia."

Akageuka, taratibu, anacheka na mabega.

"Baba, nenda mbele hatua tatu."

Akaenda mbili. Mama akatokea jikoni na mwiko. "Nani anamgeuzageuza mume wangu?"

"Jeshi," akasema Baba.

"Jeshi limwambie na taka hazijatolewa."

Gift alikuwa anatazama toka kwenye kochi. "She's scared of you, Dad. You can hear it."

Nilikasirika kwa sababu ni kweli, sauti yangu ilikuwa na hofu.

Jumatatu, 2 Agosti.

Anga safi. Wanajeshi wameingia mtaani, pamoja na polisi. Hawana silaha, wanagonga milango kuuliza kama walio karantini wapo na kama wana chakula. Waliotufikia walikuwa wawili, kijana na dada mmoja wa rika langu aliyekuwa na chunusi chini ya barakoa. Nikamwambia nami nipo jeshini, majini. Akasema, "Lucky you, boats have kitchens," yaani bahati yangu, meli zina jiko.

Nikawaona wanakwenda kwa Babu Balagizi. Waligonga mara tatu. Pazia halikusogea, nami nilikuwa nimetoka kumsikia akicharaza cherehani. Walipoondoka cherehani haikuanza tena siku nzima.

Nilimuuliza Mama. Akasema Babu alimweleza mara moja tu: kwao, kila kizuizi cha barabarani unashuka, unainua mikono, kitambulisho juu kikionekana. Mtoto wake wa kiume alishuka kizuizi kimoja na hakupanda tena gari.

Mimi nina sare kabatini kwake. Sijui anaitazamaje.

Alhamisi, 5 Agosti.

Ofisi ya wakimbizi ya Fairfield inatafuta watu wa kuwapigia simu wazee wanaosema Kiswahili. Nimepewa sita. Kila asubuhi napiga, nawajulia hali, naandika kwenye orodha: mzima, au anahitaji msaada. Nimeomba Babu Balagizi awe kwenye orodha yangu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, Commandant."

"Umeamkaje?"

"Niko muzima kabisa. Nguo yako iko tayari. Nimekata centimètres nane."

Akaniwekea mfuko juu ya uzio. Sare imekaa kama nimezaliwa nayo. Basi haichukii. Nimefurahi mno.

Jumatano, 11 Agosti.

Mawingu. Amri kwa Chifu: nimeondoa "samahani". "Tafadhali" imebaki.

Alhamisi, 19 Agosti.

Babu anakohoa. Anasema ni vumbi la vitambaa, kapewa oda ya barakoa mia mbili na kanisa lake. Mzima.

Ijumaa, 20 Agosti.

Mzima.

Jumamosi, 21 Agosti.

Mzima. Kaongea kwa ufupi. Mti wa mimosa wa mtaa wa pili umechanua njano tupu, nimeupiga picha nikamtumia. Hajajibu.

Jumatatu, 23 Agosti.

Mvua ya kunyunyiza. Leo inaanza amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku, kwa mitaa yetu tu. Watu wa kule ufukweni wanaota jua.

Mama, ambaye anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa na kila siku huja na uso wenye alama za barakoa, aliiona orodha yangu mezani.

"Babu Balagizi siku tano anakohoa, umeandika mzima?"

"Yeye mwenyewe kasema mzima."

"Ulimuuliza nini?"

"Nilimsalimia. Umeamkaje, hali yako."

"Sikuulizi kama ulimsalimia, Elieshi. Nakuuliza ulimuuliza nini? Mzee wetu ukimwambia hujambo atakujibu sijambo hata akiwa ndani ya jeneza. Ungemuuliza amekula nini. Ungemuuliza amepanda ngazi ngapi. Wazungu kazini kwangu nawauliza hivyo hivyo wananijibu."

"Ningemhoji vipi mtu mzima, Mama? Aseme mzima nimwambie siyo?"

Mama akavua viatu. "Kesho asubuhi mwambie ahesabu moja mpaka ishirini kwa pumzi moja. Asipofika kumi, piga triple zero waje na ambulensi, usinisubiri mimi."

Nilichokosea leo nakijua. Nimeandika adabu zangu kwenye orodha ya wagonjwa.

Jumanne, 24 Agosti.

Nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka.

Saa tatu asubuhi nilipiga, hakupokea. Nikapiga tena. Nikatoka uani na barakoa, nikasimama kwenye uzio nikaita. Akafungua mlango wa nyuma, kashika fremu kwa mikono miwili, uso rangi ya majivu. Kati yetu palikuwa na hatua kama nane na kile kiti chake cha plastiki.

"Shikamoo Babu."

"Mara... haba."

"Babu, nakuomba unihesabie moja mpaka ishirini kwa pumzi moja."

"Miye siko mutoto wa primaire."

"Nakuomba tu, Babu."

Akahesabu. Moja, mbili, tatu, ine, tano. Pale kwenye tano akafungua mdomo na sauti haikuja.

Nikapiga simu pale pale, mbele yake. Dada wa kwenye simu akasema gari linakuja, lakini mgonjwa akikataa hawawezi kumbeba kwa nguvu, kwa hiyo nimtoe nje, akae, asilale peke yake ndani. Babu alisikia neno ambulance.

"Hapana. Ba-militaire beko kule. Nikienda nao, sirudi."

"Siyo wanajeshi, Babu, ni wauguzi."

"Ulibaona barabarani?"

"Niliwaona, lakini hawa ni wengine. Babu, tafadhali. Nakuomba sana. Kwa ajili ya Mungu, Babu. Kwa ajili yangu mimi."

Nilitumia kila neno la kuomba nililofundishwa tangu nipo mgongoni. Nililia pia, naandika ili ijulikane. Akanitazama kwa upole, kabisa kwa upole, akasema, "Enda usome, Commandant. Miye nitalala kidogo." Akaanza kufunga mlango.

Sikupanga. Ilitoka tumboni, pale pale Chifu anapotwambia itoke.

"Balagizi! Simama hapo!"

Sikusema Babu wala mzee. Nilimwita jina lake kavu, kama mtu anavyomwita mwizi.

"Acha huo mlango. Vaa viatu. Chukua kadi yako. Toka nje. Kaa kwenye kiti."

Akafanya yote, kwa mpangilio ule ule. Na lazima niandike kwamba kwa muda mfupi nilifurahi. Nilifikiri, kumbe inawezekana, hii ndiyo yenyewe. Kisha akatoka mlangoni na nikamwona vizuri. Viatu kavaa. Mikono miwili ilikuwa juu, usawa wa masikio, kadi ya hospitali katika mkono wa kulia imegeuzwa upande wangu ili niisome. Macho chini. Akakaa kwenye kiti hivyo hivyo, mikono juu, anavuta pumzi kwa mabega.

Sikusema kitu. Hapo ndipo sijielewi. Sauti iliyokuwa imetoka kubwa vile iliniishia yote. Nilisimama nyuma ya mbao za uzio na barakoa yangu, na mzee aliyenipunguzia sare akanikalia mbele na mikono juu, dakika kumi na moja, mpaka ambulensi ikaja. Dada aliyevaa plastiki ya bluu ndiye aliyemshusha mkono mmoja, taratibu, amwekee kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni. Nilisikia akimwambia mwenzake imeshuka hadi themanini na moja.

Walipomweka garini hakugeuka upande wangu.

Jumatano, 25 Agosti.

Mazoezi. Tukio: mtu ameanguka majini. Nilitoa amri nne kwa Chifu bila tafadhali hata moja. Akasema, "Well, there she is. Umeitoa wapi hiyo?" Nikasema nimefanya mazoezi. Kisha nikazima kamera nikaenda kuoga.

Ijumaa, 27 Agosti.

Yuko hai. Wamemwekea hewa. Haruhusiwi kutembelewa.

Jumapili, 5 Septemba.

Joto la kwanza. Muuguzi Mkenya anayeitwa Peninah alimpigia Mama kutoka wodini: "Huyu guka wenu, babu Balagizi, ako poa sana leo, amekula uji yote. Lakini daktari akiingia anainua mikono. Si mnijulishe, shida ni nini?"

Mama alimweleza. Mimi nilikwenda kusimama bafuni. Nilitaka kujifunza kutoa amri, na nimemrudisha mzee wa watu kwenye kizuizi alichovuka nusu ya dunia kukikimbia. Baba aligonga, akasema kupitia mlango, "Mwanangu, angekufa." Najua, Baba. Yote mawili najua.

Jumatano, 15 Septemba.

Karudi! Nilisikia teksi, nikakimbia uani.

"Shikamoo Babu! Karibu nyumbani!"

Alikuwa anatafuta ufunguo. Alinisikia, maana mkono ulisimama. Akafungua mlango, akaingia.

Jumapili, 19 Septemba.

Shikamoo. Kimya. Gift akimsalimia, "Hi Babu," anajibiwa, na kipande cha mkate anapewa.

Jumatatu, 27 Septemba.

Shikamoo. Kimya.

Nimemwuliza Mama kama niende kuomba radhi. Akauliza, "Utaomba radhi kwa lipi? Kwa kumtoa?" Hapana. "Basi mpaka ujue ni kwa lipi, kaa."

Nimekaa. Nafikiri nimelijua. Siyo amri. Ni zile dakika kumi na moja baada yake.

Jumatatu, 11 Oktoba.

Mji umefunguliwa kwa wenye sindano mbili za chanjo. Baba kaenda kunyoa, karudi kijana.

Jumatano, 13 Oktoba.

Mvua asubuhi, jua mchana. Mtihani ulifanyika kambini. Kumbe Chifu ana miguu mifupi, miezi yote hii nilimjua kiwiliwili tu.

Tukio nililipita, maji kuingia chumba cha chini, amri sita. Kisha mama mmoja wa meza ya watahini, Kamanda, akasema nieleze amri moja ya kweli niliyowahi kuitoa maishani. Ningeweza kutaja ninazompa Gift nyumbani. Nikawaeleza ya Babu. Niliwaeleza kuomba, jina kavu, viatu, kadi. Niliwaeleza mikono, na kwamba nilikuwa na sauti ya kumtoa nje ila sikuwa nayo ya kumwambia aishushe.

Kamanda akauliza, "Ukirudishwa pale, utabadilisha nini?"

"Nitamwamuru vile vile, Ma'am. Kisha nitabaki naye."

Chifu hakuwa na zamu ya kuuliza lakini akauliza. "Anaongea na wewe?"

"Hapana, Chifu."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kirefu.

Nimefaulu. Mama kapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Ninaandika hivi na furaha ipo, ila inakuja ikisitasita.

Jumapili, 17 Oktoba.

Joto, nyuzi ishirini na saba. Babu alikuwa uani kwenye kiti chake, anafumua pindo la suruali. Nilisimama kwenye uzio. Sikumpa shikamoo, nimempa nyingi mno.

"Babu, nimekuja kuomba radhi. Siyo kwa kukutoa ndani. Kwa kukuacha na mikono juu."

Sindano ikaendelea kufumua. Nikahesabu mishono kumi na minne.

"Gift alisema umepita examen," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Donc, kazi yako ni ile. Kusemesha batu vile."

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, Babu."

Akaweka suruali kwenye mapaja. Mara ya kwanza tangu Agosti akanitazama. "Na miye nikigonjwa tena? Nikikataa tena?"

Nilikuwa na majibu mazuri. Nilikuwa na "nitakubembeleza", na "nitamwita Mama", yote matamu na yote ya uongo. Nikaushika uzio.

"Nitakuamuru tena."

"Na jina yangu kavu?"

"Na jina lako kavu. Kama ndilo pekee utakalolisikia."

Lori lilipita barabarani, akalisubiri lipite.

"Siku ile sikukuona," akasema. "Uso yako ilikuwa na masque, mwili nyuma ya mbao. Nilisikia sauti tu. Na ile sauti ninaijua." Akasimama, polepole, kashika mgongo. Akaja mpaka kwenye geti dogo la pembeni lililofungwa tangu Juni, akahangaika na komeo lenye kutu mpaka likaachia. "Siku ingine usisimame pale. Ingia mpaka hapa, nione iko wewe."

Nikaingia.